Duara la kilomita 5 halivuki bahari

SWALI: Mtaalamu, salamu kutoka Lamu. Ninatengeneza ramani ya mtandaoni kwa watafiti wa afya ya mama. Kila kituo cha afya nimekizungushia duara la kilomita 5, na wote waliomo nawahesabu kuwa karibu na huduma. Mkunga mmoja wa Pate aliiona akatikisa kichwa. Nimekosea wapi?

JIBU: Mkunga huyo usimwache hadi kazi iishe, maana ameliona kosa lenyewe. Duara lako hupima mstari mnyoofu, na kwenu mtu hupita mchanga, mikoko na bahari inayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kama dakika 50. Mji wa Pate maji yakipwa boti haliufikii vizuri. Mama mwenye uchungu hungoja maji au hupelekwa kwanza Mtangawanda, kwenye gati ya kisiwa hicho. Ramani yako haimjui mama huyo.

Acha kilomita, pima dakika. Ligawe eneo zima kuwa vimraba vya mita 100, na kila kimraba ukipe muda wa kukivuka kwa miguu, punda, bodaboda au boti. AccessMod, programu ya bure ya Shirika la Afya Duniani, itajumlisha dakika hizo na kutafuta njia ya haraka hadi kituoni. Fanya hesabu mara mbili: maji yamejaa, na maji yamekupwa. Muda wa boti usiukisie. Waulize manahodha, tena uulize wa kaskazi na wa kusi mbalimbali. Bamvua (siku za kujaa na kupwa kukubwa) na maji mafu (siku za kujaa na kupwa kudogo) nayo watakueleza.

Hesabu hizo nzito zimalize mapema kwenye kompyuta yako. Leaflet, maktaba ya bure ya kuonyesha ramani kwenye tovuti, ionyeshe tu matokeo, na kitufe kimoja cha kubadili kujaa na kupwa. Mtafiti akigusa kijiji aone dakika za hali zote mbili. Ukipaka rangi idadi ya wagonjwa, igawanye kwanza kwa idadi ya watu, la sivyo Amu (Lamu) mjini patakuwa pekundu daima kwa wingi wa watu tu.

Nukta za nyumba za wajawazito usiziweke kabisa, hata nyuma ya nenosiri. Kijiji cha visiwani ni kidogo, nukta moja yatosha kumtambulisha mtu, na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Zijumlishe kwa wadi.

Kisha mpe mkunga ramani hiyo, atafute safari anayoifanya mwenyewe saa nane za usiku. Dakika zikikataa kulingana na anazozijua, rudi kwenye vimraba.