Mchungwa Haunywi kwa Shina

Nilikuwa na michungwa 14, na kwa miaka 3 niliiumiza polepole huku nikiamini kwamba naitunza. Kila jioni nilivuta mpira, nikasimama mti baada ya mti, nikamwaga maji palepale shinani kwa dakika chache kisha nikahamia mwingine. Mbolea nayo niliifanya vivyo hivyo: konzi mbili za urea chini ya shina, basi. Majani yalikuwa ya kijani, nami nikaona kazi inakwenda vizuri.

Mwaka wa nne mti mmoja ulianza kutoa gundi. Sentimita chache kutoka ardhini gome lilikuwa limelowa na kuwa jeusi, na utomvu wa kahawia umeganda juu yake kama shanga. Nilipolikwangua kwa kisu, chini yake palikuwa pameoza. Kuoza kule kulikuwa kumeshazunguka shina lote, na mti uliofika hapo hauokoleki. Ugonjwa huo huletwa na vimelea vya udongoni viitwavyo Phytophthora. Husafiri kwa maji, na hupenda gome lisilopata nafasi ya kukauka. Kila jioni nilikuwa navipelekea vilichohitaji.

Nilipoung'oa mti ule nilichimba mtaro kutoka kwenye shina hadi nje ya kivuli chake. Ninamshauri kila mwenye mti uliokufa afanye hivyo kabla ya kufukia shimo. Karibu na shina nilikuta mizizi minene kama mkono, iliyoushikilia mti lakini isiyo na nyuzi za kunywea. Nyuzi zenyewe, nyembamba na za manjano, zilianza kuonekana mbali kidogo, zikazidi chini ya ncha za matawi, na nyingine zilishatoka nje ya kivuli. Karibu zote zilikuwa ndani ya sentimita 60 za juu, na nyingi zaidi katika zile 30 za mwanzo. Maji na mbolea yangu yote yalikuwa yakienda mahali ambapo hapana kinywa.

Tangu siku hiyo ninamwagilia kwa pete. Kama unatumia ndoo au mpira, tengeneza kisahani chenye kingo mbili: ukingo wa ndani, nusu mita hivi kutoka kwenye shina, wa kuzuia maji yasiliguse, na ukingo wa nje unaopita kidogo ncha za matawi. Maji yakae katikati ya kingo hizo. Mti ukikua, sogeza kingo zote mbili. Mahali kipandikizi kilipounganishwa na shina la chini pasifunikwe na udongo wala matandazo kamwe.

Baadaye niliweka mipira ya matone, na sitarudi nyuma. Matone hulowesha taratibu, hayaondoki na udongo, na magugu hupungua kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi inabaki kavu. Lakini watu wengi hutega matone wakati wa kupanda mche kisha wanayaacha hapohapo miaka mitano, mti ukawa mkubwa na maji bado yanadondoka shinani. Ninayasogeza kila mwaka, na mti mkubwa naupa vitundu vya matone 4 au zaidi vilivyosambazwa kuuzunguka. Vinyunyizi vidogo pia vinafaa, hasa kwenye mchanga ambako tone huzama moja kwa moja bila kutanuka. Hakikisha tu havirushi maji kwenye shina.

Kiasi gani? Pima upana wa kivuli. Kivuli cha mita 4 kina eneo la kama mita za mraba 12.6. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Siku za jua kali mchungwa mkubwa hutumia takriban milimita 3 hadi 4 kwa siku, kwa hiyo hapo ni kama lita 38 hadi 50. Vitundu 4 vya lita 4 kwa saa vinatoa lita 16 kwa saa, yaani kama saa 2 na nusu hadi 3. Ukimwagilia kila baada ya siku tatu, toa ya siku tatu kwa mpigo. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu. Jibu la kweli liko sentimita 30 chini: chimba, finya udongo kiganjani. Ukishikamana bila kutoa maji, subiri. Ukivunjika kama unga, umechelewa. Ukichuruzika, umezidisha, na mchungwa huvumilia kiu kuliko kukaa ndani ya maji.

Kuna wakati ambapo kiu haisameheki: maua yanapofunguka na matunda yakiwa ukubwa wa punje ya njegere. Mti ukikosa maji hapo unapukutisha, na hakuna mbolea itakayoyarudisha. Baadaye, matunda yanapotanuka, hatari ni kuacha mti ukauke kisha kuufurikisha ghafla. Nyama ya ndani huvimba upesi kuliko ganda, na chungwa linapasuka likiwa mtini. Nimewahi kuokota ndoo nzima ya machungwa yaliyopasuka ndani ya wiki moja, yote kwa sababu nilisafiri siku 12 na niliporudi nikataka kufidia kwa siku moja.

Mbolea nayo inafuata maji. Mti wangu uliokomaa naupa gramu 500 hivi za naitrojeni kwa mwaka. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo hiyo ni kama kilo 1.1, na kwa CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni yenye asilimia 26, ni kama kilo 1.9. Sitoi zote pamoja. Nagawa mara tatu: kabla ya maua, baada ya matunda kushika, na matunda yanapokua. Miche naipa kidogo sana, mara nyingi zaidi. Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hupotea hewani, hivyo naitawanya kwenye pete, naifukia juujuu na kumwagilia siku hiyohiyo. Nikimwagilia kupita kiasi, naitrojeni inashuka chini ya mizizi na kupotea huko. Na ukizidisha naitrojeni utapata machipukizi laini yanayovutia wadudu, na machungwa ya ganda nene yanayochelewa kuiva.

Kwa potasiamu ninachagua ya salfeti badala ya kloridi, kwa sababu jamii ya michungwa haipatani na kloridi. Ncha za majani huungua, hasa kama maji yenyewe yana chumvichumvi. Samadi naitumia kila mwaka, lakini iliyooza kabisa.

Kisha jifunze kusoma majani. Ya zamani yakigeuka manjano yote, ni upungufu wa naitrojeni. Ya zamani yakiwa manjano pembeni huku karibu na kikonyo kumebaki pembetatu ya kijani, ni magnesiamu. Majani mapya yakiwa madogo, na manjano kati ya mishipa, ni zinki, ambayo hufanya kazi vizuri ikipuliziwa majani. Majani mapya yakipauka na kubakiza mishipa myembamba ya kijani, ni chuma, mara nyingi kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Ila kabla ya kununua chochote, chimba. Mizizi iliyozama ndani ya maji nayo hutoa majani ya manjano, na kuiongezea mbolea ni kuitesa.

Mti wa pili uliokuwa umeanza kutoa gundi niliuwahi. Nilifukua udongo hadi mizizi ya kwanza ikaonekana, nikakwangua gome bovu mpaka nikafika kwenye gome zima, nikapaka dawa ya shaba, nikauacha wazi upigwe na hewa. Kovu lipo hadi leo, upana wa kiganja, kavu na gumu, na gome jipya linalifunika kutoka pembeni.