"Move the needle" si kusogeza sindano

SWALI: Nafasiri ripoti ya mradi wa maji ili isomwe na kamati za vijiji. Ripoti ya Kiingereza inasema mafunzo ya mwaka jana "did not move the needle". Niliandika "hayakusogeza sindano", mwenyekiti mmoja akaniuliza ni chanjo gani hiyo. Niandikeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, mwenyekiti ana haki. Sindano kwetu ni ya kushonea au ya hospitali. Inayotajwa hapo ni ile ya kwenye geji au mizani, nasi tunaiita mshale, kama mshale wa saa. Itazame mizani ya duka yenye uso wa mviringo: muuzaji anamimina sukari, mshale unatikisika, unapanda, unatulia penye kilo. Akiongeza punje tatu, mshale hausogei. Msemo umetoka humo: kazi imefanyika, ila haikutosha kubadili kipimo.

Hata hivyo, "hayakusogeza mshale" nayo siishauri. Haijazoeleka, na msomaji atakwama akijiuliza, mshale gani? Swali hilo jiulize wewe kwanza. Mwandishi alikuwa anapima nini? Kama ni visima, andika: "Licha ya mafunzo, visima vibovu havikupungua." Kama ni michango: "Mafunzo yalifanyika, lakini wanaochangia maji hawakuongezeka." Mwanakamati akisikia hivyo anaelewa papo hapo, na anaweza kubisha, kwa sababu visima vya kijijini kwake anavijua. Ripoti isiposema, mpigie aliyeiandika. Mimi hupiga simu za namna hiyo mara kwa mara, na wakati mwingine nagundua hakuna kilichopimwa kabisa. Hapo mwandishi mwenyewe huomba airekebishe sentensi yake.

Ukikosa jibu, "hali ilibaki palepale" inatosha, au "hayakuzaa matunda". Kwa upande wa mafanikio, "yameleta mabadiliko yanayoonekana" inafaa, mradi uyataje hayo mabadiliko.

Neno "athari" liogope kidogo. Linabeba mema na mabaya, ila masikio yamezoea athari za mafuriko na athari za ukame. Ukiandika "mradi umekuwa na athari kubwa kijijini", wapo watakaouliza nani ameumia. Na "hayakufua dafu" usiitumie hapa: asiyefua dafu mara nyingi ni aliyeshindwa mbele ya mwingine, na mafunzo yako hayakuwa yakishindana na mtu.