Salio la benki nono, mishahara inachelewa: bodi iulize nini?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa bodi ya asasi ndogo isiyo ya kiserikali. Mkurugenzi mtendaji ndiye mwanzilishi wake. Kila robo mwaka anatuletea ripoti ya ukurasa mmoja yenye salio la benki, na salio huwa nono. Ajabu ni kwamba mwaka huu mishahara imechelewa mara mbili. Nilipoomba mchanganuo, nikaambiwa bodi ni ya sera, isiingilie utendaji. Je, nimevuka mpaka?

JIBU: Hujavuka, ndugu mweka hazina. Anayeingilia utendaji ni mjumbe anayempigia simu mhasibu kumwelekeza amlipe nani kwanza. Kuomba mchanganuo kikaoni ndiyo kazi uliyopewa. Mambo yakiharibika, hakuna atakayewauliza kuhusu sera tu; mtaulizwa fedha zilikwenda wapi.

Tuje kwenye salio, maana nahisi kidonda kiko hapo. Fedha za asasi zaweza kuwa akaunti moja bila kuwa kapu moja. Tuseme benki kuna 100. Kati ya hizo, 85 ni za mradi: mfadhili amezitoa kwa ajili ya visima, na mkataba unasema hivyo. Zinazobaki kwa matumizi ya jumla ni 15. Ikiwa mishahara isiyolipwa na mradi, pango na umeme vinakula 10 kwa mwezi, basi asasi ina pumzi ya mwezi mmoja na nusu. Ripoti inasema 100, wala haidanganyi. Imenyamaza tu kuhusu hizo 85.

Mkurugenzi aliyebanwa hivyo huchelewesha mishahara kwa ukata, au "huazima" za visima akitumaini kuzirudisha ruzuku nyingine ikiingia. Kwenu mishahara imechelewa. Ningependa kujua kama hakuna kilichoazimwa pia. Mara nyingi hakuna wizi hapo, ni mtu anayejaribu kuokoa jahazi, lakini ruzuku ya pili ikichelewa, mradi wa kwanza unakwama na mfadhili anadai fedha zake.

Kwa hiyo omba ripoti yenye safu mbili, fedha zenye masharti na fedha huru, pamoja na orodha ya madeni. Kwenye madeni, tazama makato ya kodi na ya mifuko ya pensheni kabla ya kitu kingine chochote. Asasi ikibanwa, hayo ndiyo huwa ya kwanza kusahaulika, na zipo nchi ambako wajumbe wa bodi huweza kudaiwa wao binafsi.

Hakikisha swali lako na jibu lake vinaingia kwenye kumbukumbu za kikao. Niliwahi kukaa kwenye bodi ambayo vikao kadhaa mfululizo viliandikwa "ripoti ya fedha ilipokelewa", basi. Mkaguzi alipouliza nani alihoji nini, tulitazamana.

La mwanzilishi ni gumu zaidi kuliko hesabu. Huenda nusu ya wajumbe aliwaalika yeye, na kumhoji kunaonekana kukosa shukrani. Usimvamie kikaoni, wala usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Zungumza kwanza na mwenyekiti, ombi lije kama ajenda ya bodi nzima. Soma na katiba yenu: je, mkurugenzi ana kura? Hata akiwa nayo, mshahara wake ukijadiliwa anatoka nje, na kumbukumbu ziandike kwamba alitoka.

Mkaguzi wa hesabu akija, ombeni dakika chache naye bila watendaji. Mwulizeni kama aliandika barua kwa uongozi kuhusu udhaifu aliouona. Mara nyingi barua hiyo ipo, na imelala kwenye droo ya mkurugenzi.

Ripoti ya safu mbili ikija, isome mkataba wa mradi ukiwa mezani. Mkurugenzi akikwambia haiwezi kuandaliwa, hilo ni suala la bodi nzima, na halisubiri robo mwaka ijayo: mwombe mwenyekiti aitishe kikao cha dharura.