Achana na koti, hizo m mbili ndo zitakumaliza

Koti wacha kwanza. Umeuliza koti zito, viatu vya theluji, bizari, plagi, simu, halafu katikati ukachomeka kama kitu cha kupita tu eti cheti chako cha KCSE, cha kumaliza sekondari, ni Mohammed na paspoti ni Mohamed ila ajenti asema haina shida. Nduguyangu, hapo chai ilinipalia. Hiyo ndo safari yako nzima, hayo mengine ni mizigo.

Mimi nlitoka Mombasa kuja Ujerumani kwa mafunzo haya haya ya uuguzi ya miaka 3 unayoendea. Cheti cha kuzaliwa Athman, paspoti Athman, KCSE Othman, manake mwalimu alotuandikisha mtihani aliandika alivyosikia, na nyumbani mamangu aniita Athumani, hivo hata mimi sikuona ajabu. Pwani nzima tuko hivo, Saleh na Swaleh mtu mmoja, Abubakar na Bakari mtu mmoja, sisi twajuana kwa mtaa na kwa babu, si kwa herufi.

Nikamuuliza ajenti. Afisi ina AC, ina ramani ya dunia ukutani, mwenyewe kavaa suti na tai kwenye joto la mwezi wa pili, hapo tu ningeshtuka. Akacheka, "Wazungu hawaangalii hayo, hiyo herufi moja tu." Nikalipa. Viza ikatoka, basi nikazidi kumuona bingwa, nikamletea na binamu yangu, astaghfirullah.

Wiki ya pili huku, mama mmoja wa ile afisi ya kutambua vyeti vya kigeni akaweka karatasi zangu mbili sambamba mezani. Akachukua penseli, ncha akaiweka kwenye A, akaipeleka kwenye O. Kimya. Akairudisha kwenye A. Nikaanza kumueleza kwa Kijerumani changu cha B1, kiwango cha kati, kwamba kwetu Athman na Othman ni jina moja, la khalifa wa tatu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanambia kwa adabu kabisa kuwa kwa hizi karatasi yeye aona watu wawili. Na wote wawili siku hiyo hawajala, lakini hilo sikulijua kwa Kijerumani.

Miezi 5. Darasa la mwezi wa tisa likanipita, nalipa chumba na posho ya mafunzo haijaanza. Kiapo cha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, ambacho hapo mjini ni kazi ya mchana mmoja, waingia kwa wakili na kitambulisho watoka na karatasi ina muhuri, mimi ilibidi nipande treni mpaka ubalozi wetu Berlin nikasaini mbele yao, kufika nacho naambiwa kiapo hakitoshi, wataka hati ya kubadilisha jina, ile ya kusajiliwa Ardhi House na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na mjombangu na magoti yake mabovu akapanda SGR pale Miritini mara mbili kwenda Nairobi kunifuatilia. Ikifika huku ni ya Kiingereza, haya, tafuta mtafsiri alieapishwa, nae alipwa. Yote pamoja na kodi ya chumba ilikata laki 3 na ushee. Kwa O.

Ajenti nlimpigia. Mara ya kwanza "nakupigia sa hii". Mara ya pili WhatsApp tiki moja mpaka leo. Binamu anambia bado yuko pale pale, suti mpya, na ramani ile ile. Nimepunguza kumuombea dua mbaya, sa hii ni Ijumaa tu.

Kwa hivo leo, si kesho, toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, paspoti, KCSE, cheti cha tabia njema, kadi ya chanjo, cheti cha Kijerumani, vitandaze vyote kwenye mkeka. Muite mtu mwengine, si wewe, jicho lako lishazoea, akusomee jina herufi moja moja kwa sauti na wewe macho kwenye paspoti. Angalieni na mpangilio, jina la babu lisiwe hapa katikati pale mwisho. Ikitofautiana hata h moja, usinunue hata soksi mpaka wakili alimalize ukiwa hapo hapo nyumbani. Vikishalingana, vyeti vyenyewe vikae begi la mkononi, sio la kupakia, hata kama begi litapasuka.

Samli usibebe. Ulaya hawaruhusu abiria kuingia na nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Kopo la samli ya mamangu yule bwana wa forodha alilifungua akalinusa, akafikiri kidogo, ndo akalitupa. Hiyo yaniuma kushinda laki 3 wallahi. Bizari ya Marikiti beba ya mwaka.

Koti nunua huku huku, langu la Kongowea lilikuwa zuri kwa picha. Plagi zao ni miguu miwili ya duara, za kwetu haziingii. Ya simu nshasahau uliuliza nini na zamu yanisubiri.

Lakini kitambulisho hujakitaja. Kina m ngapi?