Barua kwa mwanangu: toga kwa urembo, kichwa kina dawa yake

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku sote tu wazima, na baba yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako umenifikia, nimeona nikujibu kwa kirefu kwa sababu umeniuliza mambo mawili kwa pamoja. Unasema rafiki yako wa kazini ametoga ule mkunjo wa gegedu ulio juu ya tundu la sikio, ambao huko mjini mnauita deithi, naye anaapa kwamba tangu hapo kipandauso kimemwacha. Unataka kujua kama nawe ukitoga utapona. Halafu unauliza kama nitachukia kukuona na hereni mahali pasipozoeleka.

La kuchukia ni jepesi. Sichukii. Bibi yako mzaa baba alikuwa ametoga ukingo wa sikio tundu baada ya tundu, na kwenye ndewe, sehemu laini ya chini ya sikio, akivaa majasi ya karatasi za rangi. Wanawake wa Ujiji wa enzi zake waliupokea urembo huo kutoka pwani, kwa njia ile ile ya misafara iliyotuletea Uislamu na Kiswahili, na hakuna aliyewaita wahuni. Wewe ni mtu mzima, una kazi yako, na sikio ni lako. Baba yako amenyamaza kidogo nilipomsomea, kisha akasema mradi usiumie.

La kichwa ndilo linalonisumbua. Usitoge kwa ajili ya kipandauso, mwanangu. Nakuambia kama mama na kama muuguzi niliyestaafu. Kutoga mahali hapo kulianzia Marekani miaka ya 1990, na kulianza kama pambo tu. Habari ya kwamba kunatibu kichwa ilikuja miaka mingi baadaye, ikasambaa kwa watu kusimuliana mitandaoni. Wanaoieneza husema pale pana nukta wanayoichoma matabibu wa Kichina, au kwamba mshipa wa fahamu unaopita sikioni unatulizwa. Mpaka leo hakuna utafiti wa kuaminika ulioonyesha kwamba hereni ndiyo inayoponya. Simwiti rafiki yako mwongo. Kipandauso huja kwa vipindi na hupumzika chenyewe, na mtu hukimbilia tiba pale kinapokuwa kimemzidi, kwa hiyo lolote atakalolifanya wakati huo huonekana limemponya. Tumaini nalo hupunguza maumivu kweli kweli, ila halidumu.

Umeandika pia, kama kwa kupita tu, kwamba siku hizi unameza parasetamoli karibu kila siku. Mwanangu, hapo ndipo moyo wangu ulipostuka. Vidonge hivi vikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, vyenyewe huzaa maumivu ya kichwa, na mtu huongeza dozi akidhani ugonjwa umekua. Nenda kwa daktari. Mweleze idadi ya vidonge bila kuipunguza. Zipo dawa za kuzuia kipandauso kisije, kama propranololi na amitriptilini, ni dawa za siku nyingi na zinajulikana, naye ataangalia ipi inakufaa kulingana na afya yako. Kabla ya kwenda, andika kwenye daftari siku kichwa kilipouma, saa ngapi, ulilala vipi, ulikula nini au hukula, na hedhi yako iko wapi. Nakujua, ukiwa na kazi unaruka chakula cha mchana, na njaa ni moja ya vitu vinavyokiita kipandauso. Kama huwa unaona vimeta au mistari ya kumetameta kabla kichwa hakijaanza, na unatumia vidonge vya majira, mwambie daktari yote mawili, usione haya, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo vikikutana na dalili hiyo huongeza hatari ya kiharusi. Na kichwa kikikujia ghafla kwa nguvu usiyowahi kuijua, au kikija na homa na shingo kukakamaa, au mkono kulegea, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo. Usifanye kama tunavyofanya huku Kigoma, kichwa kikigonga tu tunasema malaria na kumeza dawa ya mseto bila hata kupima.

Sasa, kama ukiondoa habari ya tiba bado unaipenda hiyo hereni kwa uzuri wake, nikueleze unachokwenda kukifanya.

Ndewe ni nyama laini yenye damu ya kutosha, ndiyo maana ulipotogwa ukiwa mchanga ulipona upesi. Gegedu haina mishipa ya damu ndani yake. Inalishwa na utando mwembamba ulioifunika, kwa hiyo jeraha lake linapona polepole mno: hesabu miezi 6 mpaka mwaka mzima. Usikubali ile mashine ya kufyatua wanayoitumia saluni. Inasukuma hereni butu kwa kishindo, inaponda gegedu, na nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili mvuke wa kuua vijidudu. Tafuta fundi mwenye uzoefu wa gegedu, anayetumia sindano yenye uwazi ndani, mpya, anayoifungua mbele ya macho yako. Homa ya ini B, inayoambukizwa kwa sindano chafu, haitanii. Chanjo yake iliingia kwenye chanjo za watoto hapa nchini mwaka 2002, na wewe ulikwishazaliwa, kwa hiyo kapime, na kama huna maambukizi uchanjwe. Ni sindano tatu ndani ya miezi 6. Ningependa uzimalize kabla ya kutoga, kwani hereni haina haraka.

Baada ya hapo, safisha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, ya asilimia 0.9, yanapatikana duka la dawa. Spiriti hapana, dawa ya meno hapana, mafuta ya nazi hapana, na usiizungushe hereni kama walivyotufundisha wazee. Majimaji meupe yanayokauka na kuwa ukoko ni kawaida. Usilalie upande huo. Vipokea sauti vya kuchomeka sikioni uviweke kando, na mtandio ufunge kwa kulegea, kwa sababu uzi ukinasa kwenye pete utalia. Kuhusu udhu, kupaka maji masikio kwetu sisi Mashafii ni sunna, kwa hiyo sikio lenye kidonda kibichi liache mpaka lipone. Ukija likizo kabla halijapona usiingie ziwani. Najua itakuuma kuliko sindano, ila kijidudu kinachopenda zaidi kuharibu gegedu iliyotogwa, Pseudomonas, makao yake ni majini.

Kijidudu hicho ndicho ninachokiogopa kuliko vyote. Ukiona sehemu ya juu ya sikio imekuwa nyekundu, ya moto, imevimba na inauma ukiigusa tu, huku ndewe ikiwa salama, usisubiri kesho. Usiende duka la dawa kununua amoksisilini, haikigusi. Daktari atakupa dawa inayokiweza, mara nyingi siprofloksasini. Ukichelewa, usaha hutenganisha gegedu na ule utando unaoilisha, gegedu inakufa, na sikio hujikunja likabaki hivyo.

Jingine ni keloidi. Shangazi yako analo lile kovu la kifuani linaloendelea kukua, nawe ni damu yake. Liangalie kovu lako la chanjo begani, na popote ulipowahi kukatwa. Ukikuta kovu lililoinuka na kuvuka mipaka ya kidonda chenyewe, basi nakuomba uache kabisa kutoga gegedu. Keloidi ya sikio ikikatwa tu bila tiba nyingine hurudi, na mara nyingi hurudi kubwa kuliko ya kwanza. Katika yote niliyoyaandika, hilo ndilo pekee linalonifanya niseme usitoge hata kwa urembo.

Kwa hiyo nipigie picha ya hilo bega unitumie, na uniambie umepata miadi ya daktari siku gani. Bega likiwa safi na chanjo zikikamilika, hereni nitakununulia mimi. Iwe titani ya daraja la upasuaji, au dhahabu ya karati 14 au 18 isiyochanganywa na nikeli. Muulize huyo fundi kipimo cha hereni, nami nitatuma hela.

Wasalaam,
Mama yako