Shangazi, mume wangu amegeuza uwani kuwa karakana

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, analalamika kwamba mumewe, mhasibu wa miaka 43, ameingiwa na useremala. Kila Jumamosi ni msumeno na randa uwani. Ameshatumia shilingi 250,000 kununua vifaa, na mpaka leo ametoa kigoda kimoja tu, nacho kinayumba. Mama mkwe anamchochea: alipokuja kutoka Mafinga alimletea randa ya marehemu baba yake. Anauliza: "Nivigawe hivyo vifaa akiwa kazini, au nirudi kwetu kwanza apate akili?"

Pole, mwanangu. Kelele za msumeno asubuhi zinachosha, na vumbi kwenye nguo ulizoanika linaudhi. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Katikati umeandika haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi: "Zamani Jumamosi alikuwa anashinda baa, anarudi saa nane usiku." Kisha ukarudi kwenye randa. Hapo ndipo penye barua yenyewe! Mwanamume aliyekuwa akikesha baa, leo yuko uwani kwako, futi kamba mkononi, penseli sikioni, halafu wewe ndiye unayetaka kufunga mizigo? Mbona hela ya bia hukuniandikia ilikuwa kiasi gani?

Halafu hicho kigoda. Unasema wifi zako walipokuja ulikitoa sebuleni ukakitikisa mbele yao, wakacheka, naye "akanuna bila sababu". Sababu ipo. Mtu anashinda siku tano na hesabu za watu wengine. Siku ya sita ametengeneza kitu kwa mikono yake, amekipiga msasa mpaka giza limeingia, wewe ukamfanya kichekesho kwa dada zake. Umekosa. Kamwombe radhi, na usimwambie ulikuwa unatania.

Mama mkwe wako mimi niko upande wake. Mjane aliyeifunga randa ya marehemu kwenye kanga, akapanda nayo basi toka Mafinga, hakuja kukuvunjia nyumba. Kule kwao Mufindi, kwenye misitu ya paini ya Sao Hill, mbao ni riziki ya watu. Amemkabidhi mwanawe mkono wa baba yake. Ukiigawa hiyo randa, umegawa urithi wa wanao.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni. Tunalia waume watulie nyumbani. Wakitulia, tunataka wakae kimya kama makochi. Mke anaujua mshahara wa mumewe mpaka senti ya mwisho, lakini ukimuuliza mwenzake hufurahia nini, anababaika. Na wanaume ni hivyo hivyo: mke akianza kufuma vitambaa, swali la kwanza ni faida iko wapi. Si kila kazi ya mikono lazima ilete hela. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyolelewa.

Mumeo naye asijifiche nyuma yangu. Vumbi la mbao linaumiza mapafu: avae barakoa, arande mbali na dirisha la watoto. Hela ya vifaa mkae muipange wote wawili. Mninga auache kwanza, ni ghali. Ajifunzie paini iliyokauka vizuri, maana mbao mbichi hupinda ukishaziunga. Na kigoda kijacho akiwekee miguu mitatu, kama vile walivyokalia bibi zetu jikoni. Miguu mitatu haiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde.

Jumamosi hii mpelekee chai, na usiiweke juu ya ndoo ukaondoka. Mshikie upande wa pili wa ubao anapokata, kwa sababu ubao usioshikwa hupasuka msumeno unapokaribia mwisho. Akimaliza, mwambie unataka rafu ya jikoni, na umpe vipimo ulivyochukua mwenyewe.