Kutengeneza watu wa gemu bila kulipa: sura iache kwanza

Mtu wangu wa kwanza wa gemu nilimtengeneza kwa MakeHuman, programu ya bure ya kuunda miili ya watu, na siku tatu nzima ziliishia puani. Nikahamia midomoni, nikashusha kope, nikamtia mikunjo pembeni mwa macho. Siku ya nne nikamwingiza kwenye injini ya gemu, yaani programu ya kuundia na kuendeshea gemu, nikabonyeza kucheza, na kilichotokea kwenye skrini ni kiatu. Kiatu peke yake. Jamaa alikuwa na urefu wa mita 17 na ushee.

Kosa langu. MakeHuman hupima kwa desimita usipoiambia vinginevyo, nayo injini yangu ilichukua kila kipimo kuwa mita. Wakati wa kutoa faili kuna mahali pa kuchagua mita, nilipapita mbio.

Tangu hapo, anayeniuliza aanzie wapi namwambia atoe mtu yeyote, hata awe na sura ya kutisha, amwingize kwenye gemu siku hiyohiyo, amtembeze. Mambo ya pua yatafuata.

Kwa nini MakeHuman wakati kuna programu zenye watu wazuri zaidi? Kwa sababu ya leseni. Programu yenyewe ni huria, na mwili unaoutoa humo unakuja kwa leseni ya CC0, isiyo na masharti: uza gemu yako utakavyo, hudaiwi senti wala shukrani. Ila nguo na nywele zilizopakiwa na watumiaji wengine kila moja ina leseni yake, na baadhi zinataka umtaje aliyezitengeneza. Soma kabla ya kumvisha. DAZ Studio nayo ni ya bure kupakua, na kwa picha ni tamu kweli, lakini modeli zake zikiingia ndani ya gemu utahitaji leseni nyingine ya kulipia. MetaHuman ya Epic Games haina mpinzani kwa ngozi na macho, na tangu mwaka 2025 leseni yake haikufungi tena ndani ya Unreal Engine, injini yao wenyewe. Kompyuta yangu lakini huanza kupumua kama mgonjwa wa pumu nikiifungua, kwa hiyo naishia kuitamani.

Tuingie kwenye mifupa, ile ya ndani inayomfanya mtu wa gemu asogee, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kiunzi cha kawaida cha MakeHuman kina mifupa 163, hadi ya vidole vya miguu na ya uso. Kile kilichoandikwa cha gemu kina 53. Kwa gemu ya simu chukua hicho cha 53 bila kufikiri mara mbili, ila ujue hakina mfupa hata mmoja usoni: mtu wako hatafungua mdomo. Kama ana maneno ya kusema mbele ya kamera, beba ule mzigo mkubwa.

Sasa ndiyo sura. Nyuso za programu hizi hufanana na za sanamu za dukani kwa sababu upande wa kulia na wa kushoto ni sawasawa kabisa. Sogeza jicho moja chini kidogo, pandisha sikio la upande wa pili, nenepesha shavu moja. Kidogo tu, kiasi cha mtazamaji kutogundua. Kisha punguza mng'ao wa ngozi, uuache kwenye pua na midomo. Ukimng'arisha mwili mzima anageuka plastiki. Nywele ndefu ziepuke mwanzoni. Ni vipande bapa vyenye picha inayopitisha mwanga, na injini nyingi hukosea kipi kiko mbele ya kipi, ukaona kisogo kupitia paji la uso.

Ukishaizoea Blender, programu huria ya kuchongea vitu vya 3D, hamia MPFB, kiongezi chake kinachokuletea MakeHuman humohumo ndani, na mambo ya kutoa na kuingiza faili yanapungua.

Kwa mwendo natumia Mixamo, huduma ya mtandaoni inayompa mtu wako mifupa na miondoko. Inataka akaunti ya Adobe tu. Unapakia mwili usio na mifupa, unaweka alama kidevuni, kwenye vifundo vya mikono, viwiko, magoti na kinena, nayo inaunga mifupa yenyewe. Alama ya kifundo cha mkono iweke pale hasa mkono unapokunjika. Niliwahi kuiteremsha hadi kiganjani, na kila mtu wangu alipopunga, kiganja kilikunjika katikati kama chapati.